Ukuta Juu ya Ukuta

Picha ilitoka na mabaka meusi. Ukuta wa mbele wa hoteli ulionekana kama umeungua, na paa lilikuwa na matundu ambayo hakuna mtu aliyeyachora.

Damiano aliinama mbele ya kompyuta, shati limemganda mgongoni. "Kwenye mchoro wangu hayo hayamo."

"Yamo," alisema Odilia. "Programu ya picha inaukata mchoro vipande vya pembetatu, halafu inavishona. Vyako havishoniki."

Walikuwa wamekutana stendi ya Mikumi siku chache nyuma, mahali mabasi ya Mbeya yanaposimama kwa chakula. Damiano alikuwa anakimbia mvua, disketi yenye mchoro wa hoteli itakayojengwa kifuani. Odilia, gauni la kijani na kilemba cha njano, alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake cha kompyuta. "Ingia, mchoraji, kabla hujayeyuka."

Aliingia, akakwama. Mvua ilikata barabara ya kurudi Kilosa, alikotoka, na hapakuwa na kompyuta nyingine Mikumi iliyoweza kugeuza mchoro kuwa picha. Picha moja ilichukua nusu siku. Umeme ukikatika, inaanza upya. Chumba kilikuwa stoo ya soda zamani. Hakikuwa na dirisha.

Mzee Bonifas, mwenye hoteli, alitaka picha safi ya kuwaonyesha wabia wake. Bila picha, hakuna hoteli. Bila hoteli, Odilia asingepata kazi humo, angekwenda Dar, ambako kaka yake alishamtafutia kazi.

"Hoteli ikisimama utapata ofisi yenye dirisha," Damiano alimwambia. "Nimeshaichora. Utakuwa unaona milima."

"Wewe unachora tu. Hebu niambie, ukikosea ukuta unafanyaje?"

"Nachora mwingine juu yake. Tulijifunzia kwenye karatasi, na ukifuta karatasi inachubuka."

Odilia alicheka mpaka akashika meza. "Ndiyo mabaka hayo. Kuta mbili zinagombania sehemu moja. Una mambo ya mwanaume mwenye wake wawili."

"Sina hata mmoja."

"Hilo tutaliangalia, mpenzi. Nenda kale."

Damiano alipokwenda kula, Odilia alifuta kila ukuta uliolala juu ya mwingine. Mchana umeme haukukatika. Picha ikatoka nyeupe, safi, paa zima.

Damiano alirudi, akaitazama. "Dirisha liko wapi?"

"Lipi?"

"La ofisi yako. Mwanzo hapo palikuwa stoo ya hoteli, ofisi niliichora juu yake. Umefuta ofisi, umeacha stoo." Sauti ilimbadilika. "Kama unataka kwenda Dar, sema. Usiniambie kupitia kompyuta."

"Nimekaa kwenye tanuri hili tangu asubuhi kwa ajili ya kazi yako, ndiyo unaniambia hivyo?"

Mzee Bonifas aliingia na mwavuli unaodondosha maji.

"Shikamoo, mzee," alisema Damiano. "Kuna dirisha moja limesahaulika..."

"Marahaba. Hii ni safi." Aliichukua picha. "Wabia wakiona hivi, tutajenga hivi."

Barabara ilipofunguliwa Damiano aliondoka bila kuaga.

Simu ya Odilia ililia baada ya wiki.

"Ni mimi. Niko Posta, Kilosa."

"Mimi nani?"

"Usinifanyie hivyo, Odilia."

"Aa, mchoraji. Umebakiza matusi mangapi?"

"Nimefungua mchoro wa kwanza huku kazini. Ofisi yako na stoo nilizichora rangi moja. Hakuna ambaye angejua ipi mpya. Nilikuonea."

"Begi la Dar nimeshalifunga," alisema Odilia.

"Lifungue. Nakuja na wazee wangu kutoka Berega."

"Waambie wapanguse viatu. Mama hapendi matope."

Walikuja, wakakubaliwa. Lakini Damiano alikwenda pia kwa Mzee Bonifas kudai dirisha, tena na tena, mpaka mzee akachoka. Kazi ya kusimamia ujenzi, iliyokuwa ya Damiano, akampa mtu mwingine.

Hoteli ipo. Odilia anafanya kazi kwenye ile stoo, nyuma ya mapokezi, taa inawaka mchana kutwa, mlango umefungwa kuzuia moshi wa jikoni. Akitaka kujua kama mvua inanyesha, anauliza wageni. Jioni mumewe anamsubiri nje, na wa kwanza kumwonyesha milima ni yeye, ikiwa imeshaanza kuwa myeusi.

Kosa lile liligharimu dirisha moja, kazi moja ya Dar na kazi moja ya usimamizi. Dirisha ndilo wanalolizungumzia mpaka leo.