Mlango wa Kushoto

Mlango wa kushoto wa gari ulikataa kufungika. Wasike aliusukuma, ukarudi polepole, kama mlango uliogonga goti la mtu aliyekaa vibaya. Akapima bawaba, akapima fremu, kila kitu kilikuwa sawa. Kitini hapakuwa na mtu.

Gari lenyewe alikuwa amelijenga kwa mikono yake, nyuma ya nyumba ya kupanga huko Kitengela: chesisi ya pikapu kuukuu, bodi ya mabati, magurudumu makubwa ya kupita matope ya udongo mweusi. Majirani waliliita kifaru wakicheka. Mkewe Maryanne hakucheka. Alichoka kuolewa na mtu anayeshinda chini ya gari, akamchukua binti yao Lorine, akahamia kwa dadake kule Tuala.

"Siku hiyo kitu yako itakuwa na milango, utuite," alisema. "Mtoto wangu hawezi panda gari iko wazi."

Mwaka mzima Wasike hakuwa na wa kuongea naye. Jioni, akitoka kazini, alikaa nyuma ya usukani wa lile gari lisilo na milango, upepo wa mbuga ukipita katikati, akaongelesha kiti cha kushoto kana kwamba Maryanne yupo. Alikieleza kila kitu, hata kwamba anaogopa kuingia nyumbani mwake mwenyewe. Upweke wa namna hiyo ni mbaya, na tusimcheke.

Musila, fundi wa kuchomelea aliyekuja kumsaidia kutundika milango, ndiye aliyeshtuka kwanza. Aliingiza kichwa ndani, akanusa mafuta ya nywele ya mwanamke, akatoka haraka.

"Baba Lorine," alinong'ona, "hii kiti umekuwa ukiongelesha?"

"Mara moja moja tu."

"Kwetu Machakos hatuongeleshangi kiti. Jini akisikia anaitwa, anakuja anakaa. Toa hii mlango, uendeshe mpaka huko mbugani, upande wazi uangalie upepo. Atashuka. Ukimfungia ndani, atakuwa wako."

"Maryanne anakuja kesho, Musila. Nimeshamwambia milango iko."

Musila akakusanya vyombo vyake, akaenda bila kunywa chai.

Wasike alibaki akiuegemea mlango. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kwa aibu, "Sogea kidogo." Mlango ukafungika.

Kesho yake mchana, jua likiwaka, alikuwa ndani ya gari akipangusa vioo alipowaona Maryanne na Lorine wakiingia getini. Alitaka kushuka, lakini hapo hapo sauti ikamjia kutoka kiti cha kushoto, sauti ya Maryanne, ile ya miaka ya mwanzo, laini, ikimrudishia yote aliyowahi kuyasema pale jioni, moja baada ya jingine, bila kumlaumu, bila haraka, huku harufu ya mafuta ya nywele ikizidi, na huku Maryanne wa nje akikaribia, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu ahame, mkono mmoja umemshika mtoto, wa pili ukigonga kioo.

"Baba Lorine, fungua basi. Tumekuja."

"Usifungue," ile sauti ikasema. "Huyo alikuacha. Mimi nilikaa."

Wasike aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Alimtazama mkewe kupitia kioo, akamtazama binti yake aliyekuwa akimpungia mkono, na machozi yakamtoka, kwa sababu alijua vizuri yupi, kati ya yule wa nje na yule wa kitini, alikuwa mke wake. Kisha mkono wake ukaenda kwenye kitasa, ukafunga mlango kwa ndani.