Mbavu za Mzee Obadiah

Elsie alifika stesheni ya Voi akihema, gauni lake jeupe la unesi limeshika vumbi jekundu, saa imening'inia kifuani. Gari moshi la Taveta lilikuwa limekwenda.

"Dada, hiyo saa ni ya kutembea ama ya kupendeza?" akauliza karani wa tikiti, Mwandawiro, shati limepigwa pasi likanyooka.

"Ni ya kupima mapigo ya watu wenye maneno mengi."

Tangu siku hiyo simu ya wodi haikupumzika. Mwandawiro alikuwa akiuliza mgonjwa wa moyo anaendeleaje, na Elsie akimjibu anywe uji alale. Mwaka ule, 1974, wakakubaliana kuoana baada ya mavuno.

Mipango ni yetu, siku ni za Mungu. Jumapili moja huko Sagalla, watu wakitoka kanisani, baba yake Mwandawiro, mzee Obadiah, akaanguka mlangoni. Pumzi hana, mapigo hana. Elsie, aliyekuja kusali nasi siku hiyo, akapiga magoti kwenye changarawe, akambonyeza kifua na kumpulizia pumzi mdomoni, tena na tena, maana nesi akishaanza haachi mpaka mgonjwa arudi, daktari afike, au nguvu zimwishie. Sisi wengine tuliomba. Mzee hakurudi.

Mama Tryphena alipouosha mwili wa mumewe akakuta mbavu mbili zimevunjika. Akasema msichana huyo amemwumiza mzee wake, haingii nyumbani kwake.

Mwandawiro akamfuata Elsie wodini. Alijua ripoti ya Elsie kuhusu kifo cha mzee haijafika kwa daktari.

"Andika zilivunjika akianguka. Mama ataamini karatasi, na sisi tutaoana, mpenzi."

"Zilivunjika chini ya mikono yangu. Nilizisikia. Kifua cha mzee kikibonyezwa sawasawa mbavu huweza kuvunjika, na ndivyo nilivyoandika."

"Mstari mmoja tu, Elsie."

"Nikiubadilisha, kesho nani ataniachia mgonjwa wake?"

Mwandawiro akachukua kofia yake akatoka. Simu ya wodi ikanyamaza.

Miaka mitatu baadaye Mama Tryphena aliletwa hospitalini, kifua kimembana. Mwanawe, Mwandawiro, alimshika mkono. Nyuma yao mkewe, Mumbe, amebeba mtoto. Nesi mmoja akasogea, mama akamsukuma.

"Niitieni yule aliyeandika mbavu za mume wangu. Daktari alinisomea ile ripoti. Huyo hatanificha."

Elsie akaja, akamshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake. Mwandawiro alikuwa ameinamia sakafu.

"Mapigo yanakwendaje?" mama akauliza.

"Si vizuri, mama. Lakini niko hapa."