Mnong'ono wa Sizoni ya Kwanza

Saa saba na nusu mchana stendi ya Kibiti ilikuwa imefurika watu. Mabasi mawili ya Lindi yalikuwa yameingia kwa pamoja, wauza korosho wakigombea madirisha, na ndani ya mgahawa wa Sihaba hapakuwa na kiti. Hanifa alisimama karibu na mlango, dera lake la zambarau likipepea kwa upepo wa feni, mkononi kashika bahasha ya barua za watu alizochapa asubuhi kwenye steshenari anakofanya kazi. Alikuja kuchukua wali na samaki aondoke zake. Hakuja kutafuta ugomvi, ingawa ugomvi ulikuwa unajua pa kumpata.

"Mama, toa hiyo!" abiria mmoja mwenye kitambi aliinyooshea televisheni kijiko. "Sizoni ya kumi na mbili ni upuuzi mtupu. Mtu anachekacheka tu badala ya kutafsiri. Tuwekee zile za zamani!"

"Zile za mwanzo kabisa!" mwingine akaunga mkono.

Tamthilia yenyewe ni *Safina ya Nyota*, ya watu walioikimbia dunia iliyofunikwa na maji, wakawa wanazunguka angani miaka na miaka wakitafuta pa kutua. Ilikuwa imefika sizoni ya kumi na nne, na Kibiti nzima iliifuata kwa Kiswahili cha mtafsiri mmoja tu, Ridhi wa Kibiti. Sihaba alichomoa flash, akachomeka nyingine. Nahodha wa safina akatokea, amesimama peke yake dirishani, kimya, nje nyota tupu.

"Nyumba yangu iko chini ya maji," sauti nene ya Ridhi ikasema juu ya kioo, "na ufunguo ninao mfukoni."

Mgahawa ulitulia. Ila kabla ya sauti ile nene, ukitega sikio, ulisikika mnong'ono mwembamba wa kike ukitangulia na maneno yaleyale. Wengi walidhani ni spika mbovu. Hanifa alijua si spika. Mnong'ono ule ulikuwa wake, na kuusikia hapo, mbele ya watu wasiomjua, kulimpandisha hasira aliyodhani imekwisha.

"Hanifa."

Aligeuka. Ridhiwani, Ridhi wa Kibiti mwenyewe, alikuwa kaunta, ndiye aliyemletea Sihaba ile flash. Shati jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye kola, kofia ya kufuma kichwani, harufu ya udi ikimtangulia. Alikuwa amenenepa kidogo, na hilo nalo likamuudhi. Mtu aliyemliza kiasi kile angalau angekonda.

"Nani kakuruhusu unitaje?"

"Jina lako zuri, linakuja lenyewe."

"Lilipotakiwa kuja redioni lilikwama wapi?"

Watu wawili wa meza ya karibu waliacha kutafuna. Hanifa alichukua mfuko wake wa chakula akatoka bila kuaga.

Kisa chao kilikuwa hiki. Ridhiwani aliishia kidato cha pili, Kiingereza akakiacha hukohuko, lakini Mungu alimpa sauti ya kumfanya mtu asahau njaa. Hanifa alifika kidato cha sita, na Kiingereza anakisikia kama anavyosikia Kindengereko cha bibi yake. Miaka miwili walikaa pamoja mbele ya kompyuta, yeye kavaa spika za masikioni, anasikiliza, anamnong'oneza, naye Ridhiwani anaigiza kwenye kipaza sauti cha bei rahisi kilichonasa kila kitu. Walimaliza sizoni nne hivyo, na katikati yake wakapendana. Kisha redio moja ikamwita Ridhiwani kwenye mahojiano. Mtangazaji akamuuliza nani anamsaidia. Akajibu, Hanifa akisikia kwa masikio yake mawili: "Nafanya peke yangu, tangu sizoni ya kwanza." Siku hiyohiyo Hanifa alifunga madaftari yake, akaizuia namba ya Ridhiwani isimpigie, na miaka mitatu ikapita.

Kesho yake simu iliita, namba ya Sihaba.

"Haloo, shoga yangu."

"Si shoga yako. Usikate, mahabuba."

"Mahabuba wako kamtafute redioni."

"Hani, nipe nusu dakika."

"Umebakiwa na sekunde ishirini."

Ridhiwani alicheka, kisha akazungumza mbiombio. Bosi wa Dar anayesambaza kazi zake alitaka sizoni nne za mwanzo zirekodiwe upya. Sauti ya rekodi zile imechakaa, inakwaruza, na watu wanaorudi kuziangalia sasa ni wengi kuliko wanaofuata mpya. "Siwezi bila wewe. Ile ya kumi na mbili umeisikia mwenyewe."

"Nimeisikia. Daktari analia kafiwa na mumewe, wewe unasema huyu dada ana mafua."

"Sikumwelewa!"

Hanifa aliangua kicheko, halafu akajikasirikia kwa kucheka. "Ridhiwani, unataka masikio yangu au unanitaka mimi?"

"Vyote, laazizi. Masikio kwa kazi. Wewe kwa ajili yangu."

"Basi sikiliza. Mwanzoni mwa kila sehemu, pale unapojisifu na kusalimia watu, litatajwa kwanza jina langu ndipo lije lako."

"Hilo... tuliongee tukionana."

"Kuna nini cha kuongea hapo?"

"Njoo tuangalie kwanza. Halafu nitakwambia."

Alikwenda, sitasema hakwenda. Alijiambia anafuata haki yake, lakini haki haimlazimishi mtu kuvaa baibui jipya na kujipaka wanja. Walikaa chumba cha nyuma cha mgahawa, mlango wazi, Sihaba akipita na masufuria yake na kuchungulia kila alipojisikia.

Wakaanza na sehemu ya kwanza ya sizoni ya kwanza. Ya Rabi, ilikuwa mbaya! Joka la angani lilikuwa mpira mtupu, na mgongoni zipu inaonekana. Nahodha akifunga mlango, ukuta mzima wa safina unatikisika.

"Na hili ndilo tulilokuwa tunaliogopa!" Ridhiwani akashika mbavu.

"Uliyeogopa ni wewe. Uliruka ukanimwagia chai."

"Nilikuwa natafuta sababu ya kukushika mkono."

Ilipofika sehemu ya tatu hawakucheka tena. Safina ilikuwa imekuta watu wanaoishi katikati ya maji, kwenye vyumba vilivyosimama juu ya miguu mirefu ya chuma. Kwa Kizungu waliitwa jina gumu la kisayansi. Hanifa aliwaita watu wa madungu, kwa vile vibanda vya miguu mirefu watu wa Rufiji wanavyojenga mashambani kulindia mpunga. Mwanamke mmoja wa madungu alikuwa anamwambia nahodha kwamba maji yameondoka na kila kitu, ila wao hawaondoki.

"Siku tuliporekodi hapa uliniambia nisubiri," Ridhiwani alisema taratibu. "Nilitaka kuongea, ukanishika bega, ukasema mwache huyu mama anyamaze, kafiwa. Siku hizi mtu akinyamaza napiga kelele. Naogopa watu watajua sijui."

Hanifa alimwangalia. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imesogea pembeni kidogo, na pale ilipotoka palikuwa panauma kwa namna nyingine. Alimpenda mwanamume huyu. Alikuwa amempenda miaka yote mitatu, na hilo lilikuwa linamtia aibu.

"Nikuulize, Hani. Ulianza kunipenda sizoni hii au ya pili?"

"Ya pili. Hii nilikuwa nakuvumilia tu. Haya, niambie. Jina langu lina nini?"

Ridhiwani alisimamisha picha. "Baba yako alinijia."

"Baba yangu? Mzee Abbasi, kutoka Mohoro?"

"Siku nne kabla ya redio. Akaniambia, kijana, najua anayekunong'oneza ni binti yangu. Sitaki jina lake lizagae kwenye vibanda vya video. Nikamkubalia. Nilikuwa najiandaa kuja kuposa, nikaona nikimkatalia leo, kesho na yeye atanikatalia."

"Na mimi hukuniambia."

"Alisema yabaki baina yetu." Akainamisha kichwa. "Na jingine, hilo la kwangu mwenyewe. Waliponisifu pale redioni, niliona raha. Baba yako hakunituma nione raha."

Hanifa alisimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Mlikaa wanaume wawili mkaamua jina langu lifichwe! Na mimi nilikuwa wapi, Ridhiwani? Nilikuwa chumbani naandika sizoni ya tano! Macho yamenivimba! Mnamgawana mtu na mwenyewe yuko hai?"

"Hani, nisamehe."

"Nilidhani umenisahau. Ningeweza kumsamehe msahaulifu. Kumbe ulinikumbuka vizuri, ukanificha!"

Alitoka akimpita Sihaba mlangoni na sufuria lake. Barabarani hakujali vumbi wala honi. Alipofika uani kwake alimpigia baba yake, mfanyabiashara wa nguo Mohoro, mzee wa heshima ambaye watu humwachia amana zao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Baba, ulimwambia Ridhiwani asinitaje?"

Mzee alikohoa. "Nilikulinda. Vibanda vile vina wavuta bangi, vina kila aina ya watu. Jina la binti yangu liwe mdomoni mwao?"

"Nani alikwambia ni mimi?"

"Hakuna aliyeniambia. Waliweka ile tamthilia duka la jirani. Nikasikia watu wa madungu. Nikasikia yule mama akisema maji yamechukua kitanda yakatuachia usingizi. Maneno ya bibi yako yale, aliyasema mwaka wa mafuriko, na alikwambia wewe. Nikaziangalia zote nne."

"Zote nne, baba?"

"Zote. Nilikaa pale mpaka wakanizoea."

Machozi yalimtoka Hanifa, ya hasira na ya kitu kingine. "Basi ulijua kwamba ni nzuri. Ulijua ni kazi yangu, ukaipenda, ukafurahi kimyakimya dukani kwa watu. Na ukahakikisha nisisikie hata neno moja la ahsante. Baba, mimi nakuheshimu. Lakini hapo mmenidhulumu, wewe na yeye."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Hanifa alimuaga baba yake kabla hajaagwa.

Asubuhi Ridhiwani alikuja steshenari, mbele ya foleni ya watu wenye barua zao za halmashauri. "Nimempigia bosi," alisema. "Nimemwambia bila jina lako sirekodi. Na baba yako nitamweleza."

"Hutamweleza mtu," Hanifa alijibu, macho hayatoki kwenye kibodi. "Mmeniongelea vya kutosha. Tutarekodi. Utangulizi wa sizoni ya kwanza nitaurekodi mwenyewe, mlango umefungwa, wewe uko nje. Na hutausikiliza mpaka utoke hadharani."

"Sawa."

"Hujauliza nitasema nini."

"Sina haki ya kuuliza."

Lilikuwa jibu la kwanza la maana alilolisikia kutoka kwake. Hanifa alikunja midomo ili lile tabasamu lisionekane.

Walifanya kazi wiki tatu, kila alfajiri, wakisimamisha kurekodi jogoo wa jirani akianza vurugu zake na adhana ikiingia. Ridhiwani aliongea, Hanifa aliongea pia, safari hii wanawake wote wa safina wakiwa na sauti yake. Walitaniana, wakagombana juu ya joka la zipu, wakapatana. Kuhusu ndoa hakuna aliyetia neno. Ridhiwani alitimiza ahadi, faili la utangulizi hakuligusa.

Ijumaa, baada ya sala, mgahawa wa Sihaba ulijaa. Ridhiwani alikaa meza ya mbele na sahani ya pilau. Hanifa alisimama karibu na kaunta. Kioo kikawa cheusi, kisha sauti ya kike ikatoka safi, bila mkwaruzo.

"Asalaam aleikum. Mimi ni Hanifa binti Abbasi wa Mohoro. *Safina ya Nyota*, sizoni ya kwanza mpaka ya nne, niliitafsiri mimi. Maneno yote uliyoyapenda nilimnong'oneza mtu, na mtu huyo akasema kafanya peke yake. Jina lake Ridhiwani. Ana sauti nzuri na woga mwingi. Ridhiwani, kama unanitaka bado, nenda Mohoro leo. Kwa baba yangu usiombe lolote. Mwambie tu kwamba mlinikosea nyote wawili, naye akusikie ukilisema. Ukishindwa, usinipigie simu tena. Haya jamani, twende angani."

Mgahawa mzima uligeuka. Mpiga debe mmoja akapiga mluzi. Ridhiwani alikuwa ameshikilia kijiko hewani, uso umemwiva. Alimtazama Hanifa, naye Hanifa hakukwepesha macho. Ridhiwani aliweka kijiko, akainuka, akatoka kwenda kuulizia gari la Mohoro, pilau ameiacha vilevile.

"Shoga, umemtia adabu," Sihaba alisema.

"Bado," Hanifa akajibu, akaomba kiti.

Saa kumi na moja jioni simu iliita. Baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huyu kijana yuko hapa dukani kwangu. Kaja na televisheni yake ndani ya simu, kanisikilizisha wewe, mbele ya wateja. Kisha kasema alilotumwa." Mzee alivuta pumzi. "Nimemwambia ni kweli. Tulikukosea, Hanifa."

Hanifa alifunika mdomo kwa mtandio.

"Sasa amekaa hapa juu ya majora ya vitenge, haondoki, ananitolea macho," mzee aliendelea. "Posa hajaitaja, ila naona anangoja jibu. Nimjibu nini?"

"Usimjibu, baba. Posa ya kwangu, jibu la kwangu. Mwambie aje aniulize."

Hanifa akamsikia baba yake akigeukia pembeni ya simu. "Kijana, inuka uwahi gari la Kibiti. Mwenyewe anakuita."