Namba Ndogo Katika Damu ya Tusekile

Kila asubuhi Tusekile alimenya ndizi mbele ya nyumba, mahali ambapo jua la milima ya Rungwe hupiga kwanza. Zamani aliimaliza kazi hiyo upesi, akaenda shambani akiimba. Mwaka ule wa 1956 alimenya ndizi mbili tatu, kisha kisu kikamshinda. Alihisi baridi hata saa sita mchana. Uso ulivimba, ngozi ikakauka, sauti ikawa nzito.

"Umeolewa na mimi au na usingizi?" mumewe, Asukile, alimtania.

Utani uliisha siku Tusekile alipokutana na baba mkwe wake njiani. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mkamwana hatazamani na baba mkwe. Akisikia kikohozi chake, huchepuka na kujificha. Tusekile alikisikia kikohozi. Aliuhimiza mwili, mwili ukachelewa. Mzee Isakwisa akatokea kwenye kona ya migomba, wakaonana uso kwa uso.

Mzee aligeuka, akarudi nyumbani. Alimwita mwanawe.

"Mkeo amenidharau. Nimemwita baba yake. Tukimaliza kuvuna maharage, aje amchukue."

"Tata, mke wangu anaumwa."

"Mgonjwa gani anayenenepa?"

Asukile alimpeleka mkewe hospitali ya misheni. Daktari alimpapasa shingo, akamtoa damu. Damu ilipelekwa Nairobi, kwa kuwa pale hospitalini hapakuwa na mashine ya kuipima.

Majibu yalipofika, daktari alimtajia Asukile namba, kisha akaitwa haraka kwenye chumba cha upasuaji. Asukile alirudi kwenye benchi alipoketi mkewe, amekunja uso.

"Moja na nusu tu! Wenye afya wana nne hadi nane. Homa ya malaria ikizidi, namba hupanda. Yako haijapanda hata kidogo. Basi tata amesema kweli. Huu ni uvivu."

Tusekile aliinamisha kichwa. Hata nguvu za kulia hakuwa nazo.

Mwuguzi Marta, aliyekuwa akikunja bandeji karibu nao, aliyasikia maneno hayo.

"Wewe kaka, damu unaisoma kama kipimajoto?"

"Si ndivyo?"

"Sivyo. Kipimajoto hupima homa. Kipimo hiki hakikupima ugonjwa. Kimepima kitu kinachotoka hapa." Aligusa shingo yake mwenyewe. "Hapa pana tezi. Tezi hii hutia ndani ya damu kitu cha kuuamsha mwili, ili moyo upige sawasawa, tumbo lisage chakula, na joto lipatikane. Tezi ikidhoofu, kitu hicho hupungua, na namba hushuka. Ikishuka hivi, mgonjwa amezidiwa. Jiko linalohitaji kuni nne ukilitilia moja na nusu, chungu kitachemka?"

"Hakitachemka."

"Mbona basi unakilaumu chungu?"

Asukile alitazama chini. "Na huko kunenepa?"

"Huo ni uvimbe chini ya ngozi. Usidhani ni shibe."

"Nitapona, dada?" Tusekile aliuliza polepole.

"Kuna vidonge vya kukupa kile ambacho tezi haikupi. Utaanza na kiasi kidogo, maana moyo haupendi kushtuliwa. Utameza kila siku. Damu itapimwa tena, naye daktari ataongeza au atapunguza. Ukipata nafuu, usiache. Ukiacha, namba itashuka tena."

"Maisha yangu yote?"

"Huenda ikawa hivyo, mdogo wangu. Kama unavyokula kila siku."

Neno hilo lilimwelemea Tusekile. Hata hivyo, alilipokea.

Wiki zikapita. Uvimbe ukapungua, na baridi ikamtoka mifupani. Damu ilipopimwa tena, namba ilikuwa tano.

Maharage yalipokwisha kuvunwa, baba yake Tusekile akafika. Tusekile alijificha nyuma ya ukuta wa mianzi, akasikiliza. Asukile aliwaeleza wazee wote wawili habari za tezi, za namba, na za chungu kisicho na kuni.

Mzee Isakwisa alimgeukia baba yake Tusekile.

"Rafiki yangu," alimwambia mgeni wake, "nilimhukumu mgonjwa. Mwanao haondoki hapa. Na huyu Asukile akichelewa kufuata vidonge, nitavifuata mimi kwa miguu yangu."

Walikula, wakaagana. Tusekile alisikiliza nyayo za baba yake zikishuka mlimani. Zilikuwa nyayo za mtu mmoja.