Matofali Matatu ya Papa Feruzi

"Nani alitoboa ukuta yangu?" Papa Feruzi aliipiga meza ya ofisi mpaka kalamu ikaruka.

"Ukuta yenu, papa," alisema Monsieur René, karani wa viwanja wa komini, serikali ya mtaa. "Iko katikati ya parcelle mbili, kiwanja yako na ya jirani, ni ya nyinyi wawili. Sheria inasema, mutu hawezi kuitoboa kama jirani hajakubali. Akitoboa bila ruhusa, atafunga tundu yeye mwenyewe."

"Alors afunge, kisha ahame! Sitaki jirani wa kuchungulia binti yangu."

Aliyetakiwa kuhama alikuwa jirani huyo, Hemedi, karani kijana wa mtaa wa Mangobo. Jana mzee alisogeza kuni akakuta tundu ukutani, leo asubuhi akawaburuza wote wawili hapa. Kadidja, binti mwenyewe, alimkonyeza Hemedi anyamaze. Hemedi akajifanya haoni.

"Ni miye nilitoboa," akasema.

Mwongo mkubwa! Mapenzi yana ujinga wake, lakini huu ulipita kiasi. Kadidja alijua akinyamaza, Hemedi atafungasha virago na yeye atabaki na ukuta. Akasogea mezani.

"Anadanganya. Ni miye."

"Kadidja! Funga kinywa!"

"Hapana, papa. Leo nasema. Mwaka jana, wakati waasi wa Simba walikuwa wanatafuta makarani wawaue, Hemedi alijificha ndani ya depot yake, ile stoo ya kando ya ukuta, miezi tatu. Nilisikia anakohoa. Nikakwangua udongo na kisu ya samaki, nikatoa matofali tatu. Kila siku nilimupitishia sahani."

"Sahani ya nini?"

"Pondu, majani ya muhogo. Siku zingine samaki."

"Ndiyo maana miye nilikuwa nabakia na kichwa ya samaki!"

Watu waliongoja zamu wakaangua kicheko.

"Uko na preuve ya kutuonyesha?" aliuliza René.

"Matofali yenyewe. Iko jikoni, chini ya nyungu. Papa anapikiwa juu yake tangu siku ile."

Mzee aliwahi kuyasifu mafiga yale yeye mwenyewe.

"Bon. Donc aliyetoboa ni wa upande wako, papa. Wa kulalamika ni Hemedi peke yake. Hemedi, ulikubali?"

"Nilikubali."

"Unataka tundu ibakie?"

"Hapana. Ifungwe."

Kadidja alimgeukia. "Unanifungia, Hemedi?"

"Nilipokea chakula kwa tundu sababu ya kuogopa kifo. Bibi wa kuoa sitamupokea kwa tundu." Akamgeukia mzee. "Papa, nipatie ruhusa nipite kwa barabara na tonton zangu, wajomba na baba wadogo, muchana, watu wote waone."

Papa Feruzi alimtazama bintiye.

"Ulijua Simba wakikukamata watakuua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Ungenikataza."

"Ningekukataza," mzee alikubali. Alijipangusa macho kwa kofia yake, bila kuficha. "Hemedi, lete tonton zako Ijumaa, kisha ya swala. Lakini matofali ikirudi kwa ukuta, miye nitapikiwa juu ya nini?"

Ijumaa ukuta ulikuwa umeshazibwa. Hemedi alipita barabarani, jua likiwaka, majirani wamejaa milangoni. Tonton wa kwanza alibeba mahari. Wa pili alitokwa jasho chini ya kikapu kizito, akakitua miguuni pa Papa Feruzi. Ndani mlikuwa na matofali matatu mapya.

"Ya jikoni, papa," alisema Hemedi.

Mzee aliyapima kwa mkono, moja moja. Kisha akamwita Kadidja awashe moto, wageni wapate kula.