Vifuko Vitatu na Visoda Vitano

Kahawa ikishaoshwa, tunaianika juu ya kichanja. Hapo huanza kazi ya kuigeuza na kuchagua mbovu. Ni kazi ya mikono tu, mdomo unabaki huru. Ndiyo maana mimi na mjukuu wangu Anyitike tumezoea kutegana vitendawili pale kichanjani, tangu akiwa mdogo.

Jumamosi ile nilimtegea kimoja rahisi.

"Kitendawili!"

"Tega, bibi."

"Nina koti jekundu, ndani nimevaa shati jeupe, lakini watu wananipenda nikiwa mweusi."

Hakufikiri hata kidogo. "Nakupa mji, bibi. Chukua Chitete."

Nilishangaa. Mtoto huyu hajawahi kunipa mji upesi hivyo. Kwenye vitendawili, kutoa mji ni kukubali kwamba umeshindwa.

"We mke mwenzangu, unaumwa? Jibu umelishika mkononi!"

Akatazama viganja vyake. Vilikuwa vimejaa kahawa. Hakucheka. Akakaa chini, akaniambia shida yake.

Anyitike alikuwa amepata nafasi katika chuo kimoja cha ufundi huko Mbeya. Alitaka kusomea uhandisi wa maji. Yeye na wenzake walipofika, walipewa mtihani mfupi wa hisabati. Waliofanya vizuri walianza somo la kalkulasi. Yeye aliambiwa asome aljebra kwanza, wiki kumi, ndipo aende kalkulasi.

"Wamenirudisha nyuma, bibi. Aljebra nilisoma sekondari. Wenzangu watanicheka."

"Sasa unataka kufanya nini?"

"Jumatatu ndiyo mwisho wa kujiandikisha darasa hilo. Nisipokwenda, nafasi yangu anapewa mwingine. Nimeamua siendi. Nitahamia Tunduma kwa shangazi Jenista, nimsaidie duka."

Roho iliniuma. Tangu akiwa darasa la tano alikuwa akitembea kandokando ya mabomba ya kijiji, anauliza maji yanatoka wapi. Sikumgombeza lakini. Nilitaka kwanza kumjua huyo aljebra aliyemtisha mtoto wangu.

"Mimi niliishia darasa la saba," nikamwambia. "Hebu nionyeshe."

Akaleta daftari. Palikuwa pameandikwa 3x + 5 = 17.

"Mbona mwalimu amekuwekea alama ya kukosa kabla hujajibu?" nikauliza.

Hapo akacheka kidogo. "Siyo kukosa, bibi. Hiyo ni eksi. Ni namba isiyojulikana. Inatakiwa uitafute."

"Kwa hiyo ni kitu kimejificha, halafu unapewa maneno machache ya kukielekeza?"

"Ndiyo."

"Basi hicho ni kitendawili!"

Wakati huo Nesta alikuwa anasimamisha pikipiki yake mlangoni. Nesta ni jirani yetu. Ni fundi mkuu wa mradi wa maji wa kijiji. Alikuja kuazima jembe, akatukuta tumeinamia daftari.

"Bibi na wewe umeanza chuo?" akatania.

"Nimeanza, mwanangu. Ila mwenzangu anataka kuacha."

Nikamweleza yote. Anyitike aliangalia chini kwa aibu. Nesta akavuta kigoda.

"Nifanyie hili, mdogo wangu. Nione unavyofanya."

Anyitike akaandika haraka. Tano akaipeleka upande wa pili, ikawa kumi na saba toa tano. Akapata kumi na mbili. Kisha akaipeleka tatu, ikawa kumi na mbili toa tatu.

"Eksi ni tisa," akasema.

"Ile tatu kwa nini umeitoa?"

"Si imevuka mpaka, dada?"

"Mpaka gani?"

"Alama ya sawa. Tulipokuwa tunasoma Tunduma, wanafunzi tuliiita mpaka. Ukivuka kwenda Nakonde, nchi jirani, unarudisha saa nyuma. Ukirudi huku unaipeleka mbele. Na namba ni hivyo hivyo, ikivuka inageuka."

Nesta akapiga paja, akacheka sana. "Hiyo ya mpaka! Na mimi ilinikosesha mtihani. Mimi pia niliambiwa nisome aljebra kwanza."

Anyitike akainua uso. "Wewe, dada Nesta?"

"Mimi huyu huyu. Nilikaa siti ya mbele wiki zote. Bibi, ile mizani yako ya sahani mbili bado unayo?"

Ninayo. Nilipimia karanga miaka mingi sokoni Mlowo. Nikaileta. Nesta akaomba vifuko vitatu vya kitambaa na visoda, vile vifuniko vya chupa za soda. Visoda havikosekani nyumbani kwetu, wajukuu wadogo wanavichezea. Akatugeuzia mgongo, akajaza vifuko kwa siri, akavifunga.

"Kila kifuko kina visoda sawa na mwenzake," akasema. "Idadi siwaambii."

Akaweka vifuko vitatu na visoda vitano sahani ya kushoto. Sahani ya kulia akaweka visoda kumi na saba. Mizani ikalalia kushoto.

"Ngoja," nikasema. "Vitambaa navyo vina uzito." Nikaleta vifuko vitatu vitupu, nikaviweka kulia. Mizani ikasimama sawasawa.

"Bibi, wewe ulipaswa kuwa mhandisi," Nesta akasema. "Umeona, Anyitike? Alama ya sawa siyo mpaka. Ni mizani. Sasa, tano hizi za kushoto tuziondoe."

Anyitike akaondoa visoda vitano. Kushoto kukapanda juu.

"Sasa?"

"Niondoe vitano na kulia."

Akaondoa. Mizani ikatulia. Kulia vikabaki kumi na viwili.

"Kuna kisoda kilichovuka?" Nesta akauliza.

Anyitike akafungua kiganja. Visoda kumi vyote alikuwa navyo. "Hakuna. Nimetoa pande zote mbili."

"Ndiyo siri yenyewe. Lolote unalofanya huku, ulifanye na kule. Haya, endelea na hesabu yako. Toa tatu."

Akatoa visoda vitatu kulia. Mizani ikalalia kushoto. Akataka kutoa vitatu na kushoto, mkono ukabaki hewani. Kushoto kulikuwa na vifuko tu, vimefungwa.

Mimi nilikuwa nawashwa kusema, nikajizuia. Kuku alipita, akadonoa kisoda, tukamfukuza.

"Bibi, wewe ungefanyaje?" Anyitike akaniuliza.

"Mimi nina vifuko vitatu na visoda kumi na viwili. Ningevigawa mafungu matatu, kila kifuko fungu lake."

Macho yake yakafunguka. Akarudisha visoda vitatu kwenye sahani. Kisha akavigawa: vinne, vinne, vinne. Akaondoa vifuko viwili kushoto. Kulia akaondoa mafungu mawili na vifuko vitupu viwili. Mizani ikasimama wima.

"Tatu haikujumlishwa kwenye eksi," akasema polepole. "Imezidishwa. Kwa hiyo natakiwa nigawanye pande zote."

"Fungua kifuko."

Akafungua. Visoda vinne.

"Na ile tisa yako iko wapi?" nikamchokoza.

"Imebaki Nakonde, bibi!"

Tulicheka mpaka mzee wangu akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Nesta akamfundisha jambo lingine. "Ukipata jibu, lirudishe kwenye swali. Mara tatu ya tisa ni ishirini na saba. Ongeza tano, ni thelathini na mbili. Swali lilitaka kumi na saba. Ungejua umekosa kabla mwalimu hajakwambia."

Mimi nilikuwa bado na swali langu. "Hiyo kalkulasi sasa, inatafuta nini?"

Nesta akanijibu, "Bibi, lori likitoka Mlowo kwenda Tunduma, ukijua umbali na muda, unapata mwendo wake wa wastani. Lakini kwenye mlima linapunguza, kwenye mteremko linaongeza. Kalkulasi inauliza, pale pale, wakati ule ule, lilikuwa linakwenda mwendo gani? Inapima vitu vinavyobadilika. Maji kwenye tangi, joto, hata mche unavyokua."

"Na aljebra inaingia wapi?"

"Kila swali la kalkulasi linaandikwa kwa aljebra. Nilikuwa na rafiki aliyeruka darasa hilo. Kalkulasi yenyewe aliielewa. Alikwama kwenye kufungua mabano na kugawanya pande zote. Kila mstari alikosa kitu kidogo. Mwisho akaacha. Wale wanaokwambia uanze na aljebra hawakurudishi nyuma, mdogo wangu. Wanakupa vifaa kabla ya kazi. Mimi siendi kufungua bomba bila spana."

Anyitike alichukua daftari, akafuta ile tisa. Jioni nzima alikuwa na mizani yangu, anajaza vifuko, ananiambia nibahatishe.

Jumatatu asubuhi aliondoka kwenda Mbeya. Mfukoni aliweka kisoda kimoja. Mchana akanipigia simu. "Nimejiandikisha, bibi. Darasani tuko thelathini na wawili. Kumbe siko peke yangu!"

Wiki kumi zile hazikuwa laini. Jaribio la kwanza alipata nusu tu. Akaniambia, "Zamani ningetoa mji. Safari hii nilimfuata mwalimu ofisini, nikamwonyesha nilipokwama." Alifanya maswali kila siku, siyo mengi, lakini kila siku. Kila jibu alilirudisha kwenye swali. Mtihani wa mwisho alifaulu, akaingia kalkulasi.

Amekuja likizo wiki iliyopita. Kahawa imechanua, shamba zima ni jeupe. Hatujakaa vizuri, akanitegea.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Bomba ni moja, haliongezi wala halipunguzi. Lakini maji chomboni yanaanza kupanda mbio, kisha yanapanda kama yamechoka."

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Chai ikapoa.

"Nipe mji, bibi," akasema, anajidai. "Nipe Tunduma."

"Sikupi hata Ikinga! Niletee maji, kikombe na bakuli."

Nikachonga kijiti, nikakisimamisha katikati ya bakuli. Tukamimina kikombe kimoja kimoja, na kila kikombe nikakata alama pale maji yalipofika. Alama za chini ziliachana. Za juu zilisogeleana. Nikalitazama bakuli, jinsi lilivyo jembamba chini na pana juu.

"Chombo ndicho kinapanuka!" nikapiga kelele. "Juu maji yana nafasi kubwa ya kujaza!"

Anyitike akanikumbatia huku mikono yangu ikichuruzika maji. Kisha akafungua daftari lake, ukurasa mpya.

"Haya, tuandike sasa. Kimo cha maji tukiite nani, bibi?"

"Kiite eksi," nikamwambia. "Mimi na yeye tumeshazoeana."