Usimwitikie Shaibu

Alasiri ile Maisara alishuka ngazi za nyumba yao ya Malindi, mjini Unguja, amebeba tundu la kasuku lililofunikwa kanga chakavu. Ungemwona ungedhani anakwenda kutupa taka, na kwake yeye ilikuwa taka hasa. Mumewe, Mbarouk, alikuwa chini anamngojea na Vespa. Kidole kimefungwa bendeji, uso umemsawijika. Mwanamume mzima, karani wa mizigo bandarini, makuli wanamtetemekea, halafu anaogopa ndege.

"Mbebe wewe basi," Maisara alimwambia. "Si urithi wa mama yako huu?"

Mbarouk akatikisa kichwa. Angejibu kwa sauti gani? Sauti alikuwa hana. Tangu kasuku amng'ate alikuwa akinong'ona tu, na kila siku mnong'ono ulizidi kufifia. Maisara akamtazama toka viatu mpaka kofia, akasonya.

Kusonya ndiko kulikokuwa kwake kusema. Alimdharau mumewe kwa uoga, alimdharau wifi yake Mwamvua kwa kulialia, na zaidi ya wote alimdharau marehemu mkwewe, Bi Ummukulthum, aliyelala kitandani muda mrefu miguu imekufa, hana kazi ila kuita. Alikuwa akiita kutwa. "Maisara, mwanangu… maji." Na Maisara, jikoni, hatua chache tu kutoka pale, hakuwahi hata siku moja kusema abee. Alikuwa akijibu bila kugeuza shingo:

"Njoo wewe. Una miguu."

Kumwambia hivyo mtu aliyepooza. Watoto wa Bi Ummukulthum walisikia, na hawakusema kitu, maana na wao walikuwa wamechoka kuitwa. Mbarouk alikuwa akiongeza sauti ya televisheni. Mwamvua alikuwa akijitia yumo kwenye sala. Aliyekuwa akimsikiliza bibi wa watu ni kasuku wake tu, Shaibu, wa kijivu, mkia mwekundu, aliyekuwa juu ya ubao wa kitanda usiku na mchana. Bibi alikufa mdomo wazi, kikombe kikavu.

Matanga yalipokwisha, Shaibu akaanza kuita.

Aliita kwa sauti ya bibi ileile, na uzee wake, na kikohozi chake. "Mbarouk." Wewe mtoto uliyelelewa Unguja unaijua kazi ya kuitwa. Mzazi akikuita huulizi, unaitika kwanza. Mbarouk akaropoka, "Naam, mama," akaingia chumbani, akanyoosha kidole amtulize ndege… Shaibu akaking'ata kidole kile mpaka mfupa. Kesho yake Mbarouk aliamka hana sauti, na chumbani kasuku alikuwa akiongea kwa sauti ya Mbarouk. Akafuata Mwamvua. Aliitwa, akasema "Labeka, mama," akang'atwa sikio. Yeye naye akabaki mnong'ono.

Maisara aliitwa pia, tena sana. Hakuitika. Aliyekuwa hamwitikii mtu hai atamwitikia ndege? Na hakung'atwa. Akatembea mle ndani kifua mbele kama yeye ndiye mwenye akili peke yake.

Walimleta mganga kutoka Tumbatu, Mzee Silima. Kizee kifupi, koti limemzidi mabega, anakunywa kahawa kwa kufyonza. Maisara alikaa mlangoni amekunja mikono, anamchekea puani. Mganga hakupiga ramli wala hakufukiza kitu. Alimtazama ndege, akanusa hewa, akauliza kwa nini chumba kinanuka kafuri wakati maiti ameshazikwa zamani. Hakuna aliyejua.

"Msimwue," alisema. "Mkimwua, alivyovichukua vinakufa naye. Mtoeni ndani kabla ya magharibi, mkamwache pasipo na mtu. Ataita. Asiitikiwe. Akiita akichoka, ataachia mwenyewe kila alichochukua. Lakini akiita kwa sauti aliyoichukua, akaitikiwa, sauti ile itakuwa yake moja kwa moja."

"Na ujuzi wote ndio huo?" Maisara alimuuliza. "Tusiitike? Mimi mbona sijaitika maisha yangu yote na sikujiita mganga."

Mzee Silima alimtazama kidogo, akavaa viatu vyake.

Basi ndiyo safari ya Mtoni hiyo, kwenye magofu nje ya mji. Lakini kabla hajapanda Vespa, Maisara alikumbuka kuwa alipokuwa juu alimwita binti yake, Tahiya, amletee kanga ya kufunikia tundu, na mtoto hakuitika. Tahiya alikuwa barazani anachora kwa chaki. Maisara akamshika sikio.

"Nilikuita. Umekuwa kiziwi?"

"Nilidhani Shaibu," mtoto alisema polepole. "Babu mganga kasema tusimwitikie."

Watu wengine wangelibusu paji la mtoto yule. Maisara alilisokota sikio.

"Shaibu ana sauti yangu? Mimi kaning'ata lini? Ukisikia sauti yangu, ni mimi. Unaitika, unakuja mbio, huulizi. Sitaki mtoto asiye na adabu. Umenisikia?"

"Abee, mama."

Chini ya kanga, ndani ya tundu, kitu kikajikung'uta mabawa mara moja, kikatulia.

Walifika Mtoni jua linateremka. Mbarouk akabaki na Vespa yake kando ya njia. Maisara akapita peke yake kwenye magofu ya jumba, kati ya kuta zilizoota mizizi, akaliweka tundu chini penye tao lililobomoka. Akavuta kanga. Akafungua kilango.

Shaibu hakutoka. Angetoka aende wapi? Mabawa yake Bi Ummukulthum mwenyewe aliyakata kwa mkasi, na hayakuota tena. Alibaki ameinamisha kichwa, anamtazama kwa jicho moja.

Harufu ya kafuri ikamjia Maisara puani. Kali, ya chumba cha kuoshea maiti.

"Kufa hapa," alimwambia, akageuka.

Hakufika mbali.

"Maisara…"

Sauti ya Mbarouk, safi, nzito, kama alivyokuwa nayo zamani. Maisara alimwona Mbarouk mwenyewe kule mbele, pembeni ya Vespa. Mdomo wake umefumba.

Hakuitika.

"Wifi… wifi, ngoja…"

Hakuitika.

"Maisara, mwanangu… maji."

Hapo ulimi ulimwasha. Alikuwa na jibu lake la siku zote, lilishafika kwenye meno. Akalimeza, akacheka kimoyomoyo. Kweli watu wa nyumba ile wajinga, alijiambia. Kitu chenyewe chepesi hivi.

 Majani makavu yakachakarika, ingawa upepo haukuwapo… Kisha, nyuma yake, mwanamke mmoja akaita, mara moja tu, kwa sauti ya amri na kero ndani yake. Maisara aliijua sauti ile. Ilikuwa yake.

"Tahiya."

Akatoa pumzi puani kwa dharau. Tahiya yuko mjini na shangazi yake, huku ni Mtoni. Aite mpaka koo limkauke. Akapanda Vespa, akampiga mumewe kofi la bega waondoke.

Waliporudi Malindi adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha, vichochoro vimeshaingia giza. Mwamvua alikuwa mlangoni na kanga mdomoni. Alipomwona Maisara alirudi nyuma hatua, macho yamemtoka.

"Umetoka wapi tena?" alinong'ona.

"Mtoni. Kwani hukuniona ninakwenda?"

"Si umo juu?"

"Juu wapi?"

"Nimekusikia… umemwita Tahiya. Mimi nikadhani mmerudi sikuwaona. Mtoto kapanda mbio. Kasema abee, mama."

Harufu ya kafuri ilikuwa inashuka ngazini.

Maisara alipanda ngazi zile kiatu kimoja kikimvuka. Mlango wa chumba cha Bi Ummukulthum ulikuwa wazi. Tahiya alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kitanda cha bibi yake, kidole mdomoni, na damu ilikuwa imemtiririka mpaka kwenye kiwiko. Halii. Mtoto aliyekuwa akilia kwa kuchomwa na mbu, halii. Na kwenye ubao wa dirisha, mgongo kwa giza la nje, alikuwa Shaibu.

"Tahiya," mama yake alisema.

Mtoto akatoa kidole mdomoni. Akafungua midomo, koo likamcheza…

"Abee, mama," likajibu dirisha.

Usiku huohuo Maisara, yeye aliyemchekea mganga puani, alimpigia simu mwenyewe. Alimwambia shikamoo. Alimwita baba. Alimwomba aje, hata kwa boti ya kukodi.

"Nije kufanya nini?" Mzee Silima alijibu. "Dawa nilishakupeni. Asiitikiwe. Na kasuku msimtoe tena, maana keshaijua njia. Mwacheni aite."

Wakamwacha aite. Na hapo, sikiliza, hapo ndipo ilipoonekana kuwa kizee yule hakuwa akisema ovyo. Shaibu aliita kwa sauti ya Mbarouk, hapana jibu. Aliita kwa sauti ya Mwamvua, hapana jibu. Walikula wakiitwa, walilala wakiitwa, pamba masikioni. Asubuhi moja Mwamvua aligombana na muuza samaki mlangoni, na mtaa mzima ukasikia kila neno. Sauti yake imerudi. Alikaa papo hapo kizingitini akalia kwa furaha, na Maisara hata hakumsonya. Siku chache mbele Mbarouk alikohoa chooni, kohozi la kiume, akatoka anamtaja Mungu kwa sauti kubwa.

Ikabaki moja. Ya Tahiya.

Nayo ilikuwa inachoka. Kasuku alikuwa akiita "mama" asubuhi mpaka jioni, na kila siku neno likawa jembamba zaidi. Tahiya naye alianza kutoa kijisauti kama mlango unaofunguka kwa shida. Maisara alikuwa akiweka sikio kwenye koo la mwanawe, akisikiliza. Alijua ni kiasi cha kuvumilia kidogo tu. Kazi yenyewe ilikuwa kutoitika, na Unguja nzima nani aliyekuwa na mazoezi kumzidi yeye?

Siku hiyo alasiri imekwisha, nyumba imetulia. Mbarouk na Mwamvua wametoka. Maisara amekaa mkekani chumbani kwa bibi, Tahiya amelala mapajani mwake. Shaibu yuko dirishani, manyoya yamemsimama, kichwa kimelegea. Hana nguvu. Anakaribia kuachia.

"Mama…"

Maisara akafumba macho.

"Mama… maji."

Akachimba kucha kwenye mkeka. Ni ndege, alijiambia. Ni ndege mchafu wa bibi mchafu. Tahiya huyu hapa, amelala, tumbo limeshiba. Akafumbua macho amtazame mwanawe ili apate moyo.

Midomo ya Tahiya ilikuwa inacheza. Macho yamefumba, midomo imekauka, imepasuka, nayo inacheza sawasawa na sauti ya dirishani.

"Mama, mbona huji? Mama, nakuita…"

Ilikuwa kiu ya kweli. Mama anaijua kiu ya mwanawe. Na sauti ilikuwa inazama, inazama kabisa, imebaki pumzi tu, kama ya mtu anayeita kwa mara ya mwisho akiwa na kikombe kikavu pembeni.  Maisara alisahau Tumbatu, alisahau mganga. Neno ambalo hakumpa mtu hata mmoja nyumba ile lilimtoka lenyewe.

"Abee, mwanangu. Abee, nakuja."

Akamlaza mtoto mkekani, akaenda dirishani mbio, akanyoosha mkono wote, vidole vitano, mbele ya mdomo wa ndege.

"Chukua yangu," alinong'ona. "Yake mrudishie. Chukua yangu mie."

Shaibu akainua kichwa. Nguvu zimemrudi. Aliukagua mkono kidole kwa kidole, kwa jicho hili, kisha kwa lile. Akausogelea… akausukuma pembeni kwa kichwa. Akafuta mdomo wake kwenye ubao wa dirisha, huku na huku, kama aliyegusishwa uchafu.

Hakumng'ata.

Akasonya msonyo mrefu, wa kike, na ulimwenguni mwanamke mwenye msonyo ule ni mmoja tu.

"Njoo wewe," alisema kwa sauti ya Maisara. "Una miguu."

Nyuma yake, mkekani, midomo ya Tahiya ikaacha kucheza, na hata kile kijisauti chake hakikutoka tena.